Samaki wa Kufugwa Naye Akae Kando Kwanza

Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa kwa mapambo hawajawahi kuonja maji ya mto wala ya ziwa. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi katika biashara hii ni kwamba tisa kati ya kila kumi huzalishwa na wafugaji: kwenye mabwawa na matangi ya Singapore, Malaysia, Thailand na Indonesia, kwenye mashamba yanayouzunguka mji wa Tampa huko Florida, au katika vyumba vya joto vya wazalishaji wa Ucheki. Neoni, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni bonde la Amazon, lakini anayefika dukani leo kwa kawaida ameanguliwa Asia au Ulaya ya Mashariki. Hata mbuna wa njano na wa buluu, ambao kwao ni miamba ya Ziwa Nyasa, wanaponunuliwa London au Chicago mara nyingi ni wajukuu na vilembwe wa samaki waliotolewa ziwani miaka mingi iliyopita. Kwa samaki wa baharini mambo ni kinyume: spishi nyingi bado huvuliwa miambani, wakiwemo wale wanaonaswa na wapiga mbizi wa Pwani ya Kenya, na ni chache tu ambazo binadamu amejua kuzizalisha kwa wingi, kama yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anayeishi katikati ya anemoni. Tofauti hii imezaa kanuni ambayo wafugaji wengi wa nyumbani huifuata bila kuihoji: samaki wa kuvuliwa umtenge kwanza, wa kufugwa umtie moja kwa moja. Nadhani kanuni hiyo ni mbovu, na ubovu wake unatokana na kuuliza samaki kazaliwa wapi badala ya kuuliza kapita wapi.

Karantini ya nyumbani yenyewe si jambo kubwa. Ni tangi dogo la pembeni, lenye chujio lake, wavu wake na mpira wake wa kunyonyea maji, ambamo mgeni hukaa wiki nne hivi bila tone la maji yake kufika kwenye tangi kubwa. Wanaosema samaki wa kufugwa hahitaji hayo wana hoja, na si hoja ya kijinga. Vimelea wengi wa samaki hutegemea safari ndefu. Kuna minyoo bapa ambayo lazima ipite ndani ya konokono, kisha ndani ya samaki, kisha ndani ya ndege mla samaki, ndipo itage mayai ambayo kinyesi cha ndege kitayarudisha majini. Samaki akilelewa ndani ya jengo lisilo na konokono wala kulasitara, mnyororo huo hukatika na mnyoo hana pa kwenda. Kwa hiyo ni kweli kwamba samaki aliyetolewa mtoni jana anaweza kubeba tumboni na kwenye matamvua mkusanyiko wa wadudu ambao mwenzake wa tangini hajapata kuwaona. Lakini hata hapa pana kasoro, kwa sababu neno shamba halimaanishi jengo. Mashamba mengi ya Asia ya Kusini Mashariki na ya Florida ni mabwawa ya udongo yaliyo wazi, na mnyoo wa Kiasia aitwaye Centrocestus formosanus, anayejichimbia katika matamvua ya samaki, amekwisha kuonekana kwenye mashamba ya samaki wa mapambo ya Florida: konokono anayemhitaji yumo bwawani, na ndege yuko ukingoni akisubiri chakula.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba wapo vimelea wasiohitaji safari yoyote. Kisababishi cha ugonjwa wa madoa meupe katika maji baridi, Ichthyophthirius multifiliis, hutoka samaki mmoja kwenda mwingine bila mpatanishi. Mnyoo mdogo wa ngozini aitwaye Gyrodactylus hatagi mayai. Huzaa mtoto mzima ambaye naye tayari ana mimba ndani yake, kwa hiyo mmoja tu akiingia, ukoo mzima umeingia. Brooklynella hostilis, msumbufu mkubwa wa wale samaki wa anemoni, hujigawa mara mbili juu ya ngozi ya samaki na kuendelea. Wa kustaajabisha zaidi ni Camallanus cotti, ule mnyoo mwekundu unaochungulia kama uzi kwenye tundu la haja la gapi na moli. Kwa kawaida hupita kwanza ndani ya vidudu vidogo vya majini vya jamii ya kamba, lakini imethibitishwa kwamba vidudu hivyo vikikosekana, viluwiluwi vyake huweza kumwambukiza samaki moja kwa moja. Ufugaji, kwa maneno mengine, si ufagio unaofagia vyote. Huondoa vimelea vyenye mnyororo mrefu na kuviacha vyenye mnyororo mfupi, na hivyo vifupi ndivyo vinavyostawi mahali penye samaki wengi, maji machache na kuta za kioo pande zote. Mtu akitaka kubuni mahali pa kuvineemesha, asingepata pazuri kuliko bwawa la shamba lenye maelfu ya vifaranga vya umri mmoja.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote unatoka kwa samaki ambaye havuliwi porini kabisa. Koi ni zao la binadamu tangu mwanzo. Rangi zake zilichaguliwa na wakulima wa eneo la Niigata, Japani, katika karne ya 19, kutokana na kapu wa kawaida aliyefugwa kwa chakula. Hakuna koi wa kuvuliwa. Hata hivyo, mwaka 1998 koi walianza kufa kwa wingi Israel na Marekani kutokana na virusi vya jamii ya hepesi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla, na ndani ya miaka michache maradhi hayo yalikuwa yameenea Ulaya na Asia, yakifuata njia za biashara. Mwaka 2003 yaliua kapu wa kufugwa katika Ziwa Kasumigaura, Japani kwenyewe. Yaani samaki aliyezaliwa mikononi mwa watu, akalelewa na watu, akasafirishwa na watu, ndiye aliyekibeba kirusi hicho kuvuka bahari.

Mfano wa pili ni wa gurami kibete, samaki mdogo mwenye milia ya buluu na nyekundu, asili yake mito ya India na Bangladesh, lakini anayezalishwa kwa wingi huko Asia ya Kusini Mashariki kwa ajili ya maduka. Mwaka 2003, vifaranga vya samaki wa mtoni wa Australia aitwaye Murray cod walikufa kwa wingi katika shamba moja la jimbo la Victoria. Watafiti walipolinganisha kirusi kilichowaua na kile kilichopatikana kwa gurami kibete wa madukani, chembe zao za urithi zilikaribiana mno hata ikawa vigumu kuona tofauti. Samaki wa pambo, wa kufugwa, aliyepita karantini ya serikali, alionekana kuwa ndiye mlango ambao kirusi kigeni kiliingilia nchini. Karantini hiyo ya serikali kwa magurami ilikuwa ya wiki mbili, na gurami anaweza kubeba kirusi hicho huku akila na kuogelea kama mzima. Ndiyo sababu, kuanzia mwaka 2016, Australia iliongeza sharti la kupima sampuli za kila shehena ya magurami, siklidi na samaki wa jamii ya gapi. Nitaurudia mfano huu baadaye, kwa kuwa unaonyesha pia mahali ambapo karantini hushindwa.

Tukiachana na shamba, tufuate safari. Samaki aliyeanguliwa katika tangi safi kabisa huko Ucheki haji moja kwa moja sebuleni. Hupelekwa kwa muuzaji wa jumla anayekusanya samaki wa wazalishaji kumi au ishirini, hufungwa kwenye mfuko wenye maji kidogo na oksijeni, hupanda ndege, hufunguliwa kwa mwagizaji, hupangwa dukani. Katika maduka mengi, matangi yanayoonekana ukutani yakiwa yametengana yanachangia maji ya chujio moja lililofichwa chini, kwa hiyo gapi wa kufugwa wa safu ya juu anaoga maji yale yale na samaki aliyevuliwa mtoni wa safu ya chini. Mahali ambapo hakuna chujio la pamoja, kuna wavu wa pamoja, na wavu ulioloa hubeba vimelea sawa na maji. Hali ya samaki huyo wa kufugwa ni ya mtoto aliyelelewa nyumbani kwa uangalifu kisha akapelekwa bweni wiki ya kwanza ya muhula: usafi wa kwao haumsaidii kitu siku macho mekundu yanapoingia bwenini, na pengine humponza, maana mwili wake haujawahi kukutana na maradhi hayo.

Hilo la mwisho halizungumzwi vya kutosha. Samaki walionusurika ugonjwa wa madoa meupe hupata kinga. Hili limethibitishwa mara nyingi katika maabara. Samaki wa kuvuliwa aliyekua na vimelea vichache kila msimu anaweza kuvivumilia. Samaki aliyekulia katika maji yasiyo na chochote hana kumbukumbu hiyo mwilini. Ongeza hapo uchovu wa safari: kukamatwa, kubanwa, giza, joto linalopanda na kushuka, njaa ya siku kadhaa. Homoni ya kotisoli hupanda katika damu yake, na kotisoli ikikaa juu hudhoofisha askari wa mwili. Samaki huyo akitiwa jioni ile ile kwenye tangi lenye wenyeji wakali wenye mipaka yao, hana muda wa kula wala wa kupumzika. Kwa hiyo tangi la pembeni humlinda mgeni dhidi ya wenyeji kama linavyowalinda wenyeji dhidi ya mgeni, na kwa samaki wa kufugwa nadhani manufaa haya ya kwanza ndiyo makubwa zaidi.

Sasa kuhusu siku. Watu hupenda kutaja idadi ya siku kama kwamba imeandikwa mahali, wakati idadi hiyo hutokana na maisha ya mdudu. Mdudu wa madoa meupe huishi chini ya tabaka la juu la ngozi ya samaki, akila; hapo hakuna dawa ya majini inayomfikia. Akishiba hudondoka, hujifunika kwa ganda laini kwenye kokoto au kioo, na ndani ya ganda hujigawa hadi kuwa mamia ya watoto. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili tatu hufa. Mtoni wengi hufa, kwa kuwa maji ni mengi na samaki ni wachache. Katika lita 100 za sebuleni, karibu kila mmoja hupata pa kushika. Doa moja lisiloonekana, lililojificha kwenye matamvua, baada ya mzunguko mmoja linaweza kuwa madoa mia, na baada ya mizunguko miwili samaki wote wamelala chini wakihema. Kwenye nyuzi 25 za joto mzunguko huo huchukua chini ya wiki. Maji yakiwa baridi, hurefuka sana. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya chumbani yana joto mwaka mzima, wiki mbili zinatosha kuuona ugonjwa huu ukijitokeza. Kwa Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, katika baridi ya Julai maji ya tangi lisilo na hita yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na hapo wiki mbili zinaweza kupita mdudu akiwa bado anajivuta. Kuweka hita kwenye tangi la pembeni si anasa. Ndiko kunakozipa zile siku maana. Kwa koi vilevile, ugonjwa wa kirusi chao hujitokeza maji yakiwa takriban kati ya nyuzi 16 na 28, kwa hiyo aliyetengwa katika maji ya baridi sana anaweza kuonekana mzima miezi mingi na bado akawa mbebaji.

Baharini hesabu ni ngumu zaidi. Cryptocaryon irritans, ndugu wa tabia ingawa si wa damu wa yule wa maji baridi, hukaa kwenye ganda lake kwa siku chache au kwa wiki nne, na katika jaribio moja la maabara maganda yaliendelea kutoa watoto hadi siku ya 72. Ndiyo maana wafugaji makini wa matumbawe, tangi lao likishaambukizwa, huliacha bila samaki hata mmoja kwa zaidi ya miezi miwili. Hawana njia nyingine nzuri. Dawa ya shaba, ambayo huua wadudu hawa, huua pia kamba, konokono na matumbawe, na hufyonzwa na mchanga wa chokaa hata kipimo chake kikawa hakieleweki. Tiba ambayo ni rahisi kabisa ndani ya ndoo ya plastiki haiwezekani kamwe ndani ya tangi kubwa. Kuna hata mbinu isiyotumia dawa: samaki huhamishwa kila baada ya siku tatu kutoka chombo kimoja kwenda kingine kilichooshwa na kukauka, mara nne mfululizo, ili kila kinachodondoka kiachwe nyuma kabla hakijazaa. Vyombo viwili na uvumilivu wa siku kumi na mbili. Lakini mbinu hiyo ni ya mdudu huyu tu. Kwa Brooklynella, ambaye haondoki juu ya samaki, haifai kitu.

Muuzaji atasema samaki wake tayari wametengwa dukani wiki mbili. Baadhi ya maduka hufanya hivyo kweli, na yanastahili pesa ya ziada. Ila kutengwa maana yake ni kutoingia mwingine. Shehena mpya ikifika Alhamisi na kutiwa kwenye chujio lile lile, samaki wote wa chujio hilo wamerudi siku ya kwanza, hata kama wamekaa hapo mwezi. Mwingine atasema kwamba wadudu wa madoa meupe wamo katika kila tangi na hujitokeza tu samaki wakichoka, kwa hiyo kuwazuia ni kazi bure. Hoja hii imeenea, nayo ina kipande cha ukweli: samaki mwenye kinga anaweza kubeba wachache kwenye matamvua bila dalili. Lakini mdudu huyu hawezi kuishi bila samaki, hatokei hewani, na hana namna ya kulala majini miaka. Katika tangi ambalo halikuwahi kumpokea, hayumo. Na anayesema amefuga miaka mingi bila karantini na hakupata balaa, hatuna sababu ya kumbishia. Amebahatika, na mara nyingi ni mtu asiyeongeza samaki mara kwa mara. Hatari hukua kwa kila mfuko unaofunguliwa.

Pingamizi zito ni jingine, na wengi wanaotetea karantini hulipita haraka. Tangi dogo lililowashwa leo halina bakteria wa kugeuza amonia. Samaki hutoa amonia kila anapopumua, na ndani ya lita 40 zisizo na bakteria hao sumu hupanda ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo wapo samaki, na si wachache, waliokufa kwa karantini badala ya ugonjwa, na mwenye tangi akahitimisha kwamba ilikuwa heri angewatia tu. Kwa mbuna tatizo ni kubwa zaidi kutokana na kemia ya maji yao. Kwenye nyuzi 25, katika maji yenye pH 7, ni kama nusu asilimia tu ya amonia yote iliyo katika sura yenye sumu kali. pH ikifika 8, ambayo ndiyo wanayoipenda samaki wa Ziwa Nyasa, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 5 na ushei. Kipimo kile kile cha uchafu, sumu mara tisa au kumi. Anayepinga karantini kwa sababu hii hajakosea kuhusu hatari. Amekosea kuhusu dawa yake. Sponji ya chujio la pampu ya hewa, inayouzwa kwa bei ndogo, huachwa ndani ya tangi kubwa wiki nne kabla ya siku ya kununua, ikalowa bakteria, kisha ikahamishiwa kwenye tangi la pembeni siku mgeni anapofika. Pamoja na hiyo, robo ya maji ibadilishwe kila siku kwa wiki ya kwanza, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini ikiwa ni ya bomba, na chakula kiwe kidogo. Asiyeweza kuandaa sponji mapema asinunue samaki wiki hiyo. Ndilo sharti ninaloliona gumu kuliko yote, kwa kuwa samaki wa mapambo hununuliwa kwa macho, papo hapo, na watu wachache hupanga mwezi mmoja mbele.

Yaliyobaki ni mepesi. Chombo kinaweza kuwa tangi la zamani au hata sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, ilimradi ni safi na lina kifuniko, maana samaki mwoga huruka. Chini pasiwe na kokoto, ili kinyesi kionekane. Vipande vya bomba la plastiki vinatosha kuwa maficho. Kisha ni kutazama: anayehema haraka kuliko wenzake, anayejisugua, mwenye mapezi yaliyobanwa, anayetema chakula, mwenye kinyesi cheupe kinachoning'inia, mwenye tumbo lililobonyea ingawa anakula. Wapo wanaomimina dawa tatu siku ya kwanza, kwa tahadhari, hata kwa samaki asiye na dalili. Kwa samaki wa baharini waliovuliwa naelewa kwa nini. Kwa gapi au mbuna wa kufugwa sioni sababu: dawa zenyewe hulemea figo na ini, baadhi huua bakteria wa kwenye sponji na kuirudisha amonia, na dawa za bakteria zikitumiwa ovyo huzoeza bakteria usugu. Afadhali kungoja, kutambua, ndipo kutibu. Na samaki mwingine akiongezwa siku ya 20, hesabu inaanza upya kwa wote.

Turudi kwa gurami. Ikiwa wiki mbili za serikali hazikukizuia kirusi, wiki nne za nyumbani zitakizuiaje? Kwa peke yake, si lazima. Macho hayaoni kirusi ndani ya samaki mzima, na maabara ya kupima chembe za urithi haiko kona ya mtaa. Kinachoweza kufanywa ni kumtia mwenyeji mmoja asiye ghali kutoka tangi kubwa akae na wageni wiki mbili za mwisho. Akiugua, tumejua kabla ya wengine ishirini kuugua. Ni njia isiyopendeza sana kimaadili, na haina uhakika kamili, lakini inajibu swali ambalo kutazama tu hakujibu: je, hawa wana kitu ambacho wao wamekizoea na wetu hawajakizoea? Kifua kikuu cha samaki nacho huponyoka. Bakteria wake, Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa mwaka 1926 kwa samaki waliokufa katika akwariamu ya Philadelphia, hufanya kazi polepole kwa miezi, na huweza kumpata binadamu kupitia mchubuko mkononi, akaleta vinundu vya ngozi vinavyohitaji dawa za miezi kadhaa. Kwa hiyo mwenye kidonda avae glovu, na ile tabia ya kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yaanze kushuka iachwe, hasa kwenye tangi la wageni. Karantini hupunguza hatari. Asiyeitaka kwa sababu haimalizi kila kitu anadai kutoka kwake kile asichokidai kutoka kwa kufuli la mlango.

Kuna wafugaji ambao kwao hasara haiwezi kulipwa kwa kurudi dukani. Sangara alipotiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walipungua vibaya mno. Watafiti walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 huenda zimetoweka. Baadhi ya furu hao leo hufugwa katika matangi ya hifadhi na ya watu binafsi huko Marekani na Ulaya, na kwa aina chache matangi hayo ndiyo makao yao makuu. Hawa wote ni samaki wa kufugwa, kizazi juu ya kizazi, na hubadilishwa kutoka mfugaji mmoja hadi mwingine ili damu isichoke. Kosa moja la kutia mgeni bila kumtenga linaweza kumaliza kundi zima, na furu wa aina hiyo hawapo tena popote pa kuwachota.

Karantini ikiisha salama, samaki huhamishwa kwa wavu, maji yake hayamfuati. Sponji isirudi tangi kubwa ikiwa ugonjwa ulionekana, itupwe. Chombo, wavu na mpira vioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, visuuzwe, vianikwe juani hadi vikauke kabisa, kwa kuwa mdudu wa madoa meupe hawezi ukavu. Yale maji nayo yana pa kwenda. Kirusi cha jamii ile ile ya gurami kilipatikana mwaka 2018 kikiua perege wa kufugwa kwenye vizimba vya Ziwa Volta, Ghana, na ingawa hakuna aliyeonyesha kwamba akwariamu ndiyo iliyokileta, nchi zilizojaza vizimba vya sato katika Ziwa Victoria hazina sababu ya kujaribu. Ndoo ya karantini imwagwe chooni au kwenye udongo wa bustani ulio mbali na mfereji, na samaki aliyekufa azikwe. Mtoni na ziwani asipelekwe, awe hai au mfu.